Sindano Inayolinda Mapafu na Ubongo wa Mtoto Anayezaliwa Mapema

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Siongiroi, Eneo Bunge la Chepalungu. Yanachapishwa hapa kama yalivyosomwa, kwa manufaa ya wakazi wa wadi nyingine za kaunti.



Siongiroi ni nchi ya maziwa. Hapa ng'ombe akipandishwa, tarehe inaandikwa. Mtaalamu wa mbegu anaacha karatasi, mwenye ng'ombe anaitunza, na hesabu inaanza siku hiyo hiyo: miezi tisa na siku chache. Ndama akionyesha dalili za kuja wiki sita kabla ya siku yake, hakuna anayesema ni bahati. Boma zima linajua kuna hatari, na daktari wa mifugo anapigiwa simu. Mada ya leo inaanzia kwenye hesabu kama hiyo, ila ya binadamu. Inahusu mtoto anayetaka kuzaliwa kabla ya wakati wake, na sindano anayodungwa mama ili mtoto huyo aweze kupumua na ubongo wake usidhurike.

Mimba ya binadamu hukaa wiki 40 hivi, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mtoto akizaliwa kabla ya kutimiza wiki 37, huyo amezaliwa kabla ya wakati. Majirani wa Tanzania humwita mtoto njiti, kwa wembamba wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo duniani, na matatizo yanayotokana na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano. Hapa Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufa kabla ya kutimiza siku 28. Wengi wao ni hawa waliokuja mapema.

Lakini vifo si habari yote. Kuna mtoto anayenusurika, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha miezi inapita bila kuikaza shingo. Wenzake wanakaa, yeye bado analala chali. Mguu mmoja unakakamaa. Mahali pengi maneno huanza hapo: mama alikula nini, ukoo wake una nini, nani kamtazama vibaya. Mara nyingi jibu limo ndani ya siku tatu za kwanza za maisha ya mtoto huyo, na halina uhusiano wowote na ukoo wa mtu.

Mapafu ya mtoto tumboni hayana hewa, yamejaa maji. Katika wiki za mwisho za mimba, mapafu huanza kutengeneza utelezi fulani unaozuia vifuko vyake vidogo visigandane anapovuta pumzi ya kwanza. Mtoto wa wiki 29 au 30 bado hana utelezi huo wa kutosha. Anavuta hewa, vifuko vinafunguka, kisha vinajifunga. Anavuta tena kwa nguvu zaidi, kifua kinabonyea ndani, anaguna, anachoka. Ndiyo maana watoto hawa huweza kulia vizuri wakizaliwa, kisha hali ikabadilika saa chache baadaye huku ndugu wakiwa wameshaanza kupigiana simu za hongera.

Ubongo nao unaumia kwa njia yake. Katikati ya ubongo wa mtoto ambaye hajakomaa kuna sehemu inayozalisha chembe mpya, na mishipa ya damu ya hapo ni myembamba na laini mno. Mimba ikikaribia kutimia, sehemu hiyo hunywea yenyewe. Mtoto akija kabla ya hapo, halafu akakosa hewa, shinikizo lake la damu likapanda na kushuka, mishipa hiyo inaweza kupasuka na damu ikamwagika ndani ya ubongo. Hutokea zaidi katika siku tatu za kwanza. Damu ikiwa kidogo huenda isiache alama. Ikiwa nyingi, inaweza kuleta mtindio wa ubongo, yaani ule udhaifu na ukakamavu wa viungo, au upofu, au ugumu wa kujifunza. Kwa hiyo mapafu na ubongo haviwezi kutenganishwa katika habari hii: chochote kinachompa mtoto pumzi tulivu tangu mwanzo kinaulinda ubongo wake pia.

Sindano yenyewe ilipatikana kupitia kondoo, jambo ambalo wafugaji wa hapa watalielewa haraka kuliko watu wa mjini. Miaka ya 1960, kule Auckland nchini New Zealand, daktari Graham Liggins alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu wa kuzaa. Alikuwa akiwapa kondoo wenye mimba homoni za jamii ya steroidi. Kondoo hubeba mimba miezi mitano hivi, na baadhi ya wana-kondoo wake walizaliwa mapema mno, wakati ambapo walitakiwa kufa mara moja kwa kukosa pumzi. Mmoja alikutwa anapumua. Mapafu yake yalikuwa yamefunguka kwa sehemu, jambo ambalo kwa umri wake halikupaswa kuwezekana. Liggins na daktari wa watoto Ross Howie wakaijaribu dawa hiyo kwa akina mama 282 waliokuwa katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati, na mwaka 1972 wakachapisha matokeo. Kwa waliopewa dawa, vifo vya watoto katika siku za mwanzo vilikuwa asilimia 3.2. Kwa wasiopewa, asilimia 15. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya madaktari wa Marekani kukubaliana rasmi, mwaka 1994, kwamba itumike kwa kawaida. Tiba nzuri nayo hutembea polepole.

Neno steroidi huwashtua watu katika nchi hii ya wakimbiaji, na si bure. Kila wiki gazeti lina habari ya mwanariadha aliyefungiwa. Basi ieleweke kwamba steroidi ni ukoo mkubwa wenye matawi. Dawa za kujenga misuli ni tawi moja. Za wajawazito ni tawi jingine, linalofanana na kortisoli, homoni ambayo mwili wa kila mtu hapa unaitengeneza kila asubuhi. Kweli, hata tawi hili la pili limekatazwa kwa wanariadha wakati wa mashindano, lakini mama anayekaribia kujifungua hayuko kwenye mashindano. Mtoto mwenyewe tumboni, anapokaribia kuzaliwa, huongeza kortisoli mwilini mwake ili kuyakomaza mapafu. Sindano inafanya mapema kazi ambayo mwili ungeifanya baadaye.

Dawa inayotumika sana Kenya ni deksamethasoni. Ni ya bei nafuu na wengi waliisikia mwaka 2020, ilipoonekana kuokoa wagonjwa mahututi wa korona. Mama hudungwa miligramu 6 kwenye msuli kila baada ya saa 12, mara nne. Nyingine ni betamethasoni, miligramu 12 mara mbili, saa 24 zikipita katikati. Inapenya kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Huanza kufanya kazi ndani ya saa chache, ila faida yake hukamilika zaidi saa 24 zikishapita, na inabaki na nguvu kwa takriban wiki moja. Shirika la Afya Duniani linaelekeza itolewe mimba ikiwa kati ya wiki 24 na 34. Siku moja hiyo ya kungoja ndiyo inayofanya kuchelewa kuwa ghali. Mama anayefika hospitalini kichwa cha mtoto kikiwa tayari kinaonekana, dawa haiwezi kumsaidia tena mtoto wake.

Kuhusu ubongo, ushahidi ni mzuri. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walizikusanya pamoja tafiti 27 zilizohusisha akina mama zaidi ya 11,000 katika nchi 20. Waliopata sindano, watoto wao walivuja damu ubongoni kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 40. Watoto wa ule utafiti wa kwanza wa Auckland nao walifuatiliwa hadi utu uzima. Walipofika miaka 30 walipimwa kumbukumbu, akili na afya ya nafsi, na hakukuonekana tofauti kati ya waliopewa dawa na ambao hawakupewa.

Ipo pia dawa ya pili ya kuulinda ubongo, ambayo haizungumzwi sana. Ni magnesiamu salfeti, ile ile anayopewa mama mwenye kifafa cha mimba. Mimba ikiwa chini ya wiki 32 na mtoto anatarajiwa kuja ndani ya saa 24, dawa hiyo hupunguza uwezekano wa mtindio wa ubongo. Inataka mhudumu aliye macho, kwa sababu ikizidi inaweza kumzuia mama kupumua, kwa hiyo nayo ni ya hospitalini.

Sasa lifikiwe swali ambalo wananchi huuliza kila mara, tena kwa uchungu. Kama sindano yenyewe ni rahisi namna hii, na kama bei yake si kitu, mbona isiwekwe kwenye kila zahanati? Mbona wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao, wasipewe waidunge papo hapo? Barabara za murram zinajulikana zinavyokuwa mvua ikinyesha. Kumwambia mama mwenye uchungu apande gari wakati dawa ingekuwa mlangoni kwake kunaonekana kama urasimu tu.

Swali hilo lilishaulizwa na wanasayansi, na sehemu ya jibu ilitoka hapa hapa Kenya. Utafiti mkubwa ulifanywa katika nchi sita: Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia. Upande wa Kenya ulikuwa magharibi mwa nchi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret. Vijiji na vituo vidogo vilipelekewa sindano, wahudumu wakafundishwa kuwatambua akina mama walio katika hatari, na pale ambapo tarehe ya mimba haikujulikana walipima tumbo kwa utepe wa rangi. Watoto waliofuatiliwa walikaribia laki moja. Wengi walitarajia kusikia habari njema.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2015. Kwa watoto wadogo kabisa, sindano haikupunguza vifo. Kwa watoto wote wakichukuliwa pamoja, vifo viliongezeka: katika maeneo yaliyopelekewa dawa vilikuwa 27.4 kwa kila watoto 1,000, na katika maeneo mengine 23.9. Maambukizi kwa akina mama yaliongezeka pia.

Ilikuwaje dawa iliyookoa watoto Auckland ionekane kuleta hasara vijijini? Utafiti wenyewe haukuweza kumaliza ubishi, lakini mambo matatu yanaonekana wazi. La kwanza ni tarehe. Akina mama wengi waliodungwa hawakuwa wanakaribia kujifungua mapema. Walizaa watoto wa kawaida, ambao hawakuhitaji dawa yoyote. La pili, steroidi hupunguza nguvu ya mwili kupambana na maambukizi, na mama mwenye homa au maji ya uzazi yaliyoingiliwa na vijidudu anaweza kuzidiwa, yeye na mtoto. La tatu, sindano humtayarisha mtoto. Haimtunzi baada ya kuzaliwa. Kama hakuna oksijeni, hakuna joto, hakuna anayejua kumlisha mtoto asiyeweza kunyonya, maandalizi hayo yanaishia hewani.

Shirika la Afya Duniani halikuiacha habari hapo. Lilianzisha utafiti mwingine, safari hii hospitalini, katika nchi tano: Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Kwa Kenya uliongozwa na Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hospitali zilikuwa 29, zote zikiwa na uwezo wa kutunza watoto wachanga walio dhaifu. Umri wa mimba ulihakikishwa kwa skani, si kwa kukisia. Walichaguliwa akina mama 2,852 wa kati ya wiki 26 na 34, ambao kwa hakika walikuwa karibu kujifungua. Ilipangwa kuwaendeleza wengi zaidi, lakini kamati ya usimamizi iliusimamisha utafiti mapema kwa kuwa faida ilikuwa imeshaonekana. Kati ya waliopewa deksamethasoni, walikufa watoto 19.6 katika kila 100. Kati ya waliopewa maji matupu, 23.5. Hesabu yake ni kwamba kila wanapotibiwa akina mama 25, mtoto mmoja anaishi ambaye angekufa. Maambukizi kwa akina mama hayakuongezeka.

Dawa ni moja. Nchi tatu, Kenya yenyewe ikiwemo pamoja na India na Pakistan, zilikuwa katika tafiti zote mbili. Kilichobadilika ni uhakika wa tarehe na uwezo wa mahali ilipotolewa. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati anapomwambia mama, "Sikudungi hapa, nakupeleka mbele," hajamnyima kitu. Na mtu yeyote anayemuuzia mjamzito dawa hii dukani, au anayejidunga mwenyewe kwa kuwa jirani alipata nafuu, anacheza na ubongo wa mtoto.

Kuna sababu nyingine ya kuihofia sindano isiyo ya lazima, nayo inahusu ubongo moja kwa moja. Ufini ni nchi inayoweka rekodi za kila mtoto, na mwaka 2020 watafiti wake walichapisha uchunguzi wa watoto zaidi ya 670,000. Karibu nusu ya watoto ambao mama zao walidungwa walikuja kuzaliwa wakati wao umetimia. Hofu ya kuzaa mapema haikutimia. Katika kundi hilo, watoto wapatao 9 katika 100 waligunduliwa baadaye kuwa na matatizo ya kiakili au ya kitabia. Kwa watoto waliotimia ambao mama zao hawakudungwa walikuwa 6 hivi katika 100. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, maana mama anayedungwa huwa tayari ana tatizo fulani katika ujauzito. Bado inatosha kumfanya daktari apime mara mbili. Tafiti zilizolinganisha dozi moja na dozi za kurudiarudia nazo ziliona kuwa watoto wa kundi la pili walizaliwa na uzito mdogo na vichwa vidogo kidogo. Ndiyo maana mwongozo unaruhusu kurudia mara moja tu, endapo wiki imepita, mtoto hajaja, na hatari ya kuzaa ndani ya wiki inayofuata bado ni kubwa.

Kwa hiyo yote yanarudi kwenye tarehe. Mama ajue tarehe yake ya hedhi na aende kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12 ikiwezekana, ili iandikwe kwenye kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto. Skani moja kabla ya wiki ya 24 husaidia mno kuuhakikisha umri wa mimba. Baada ya hapo watoto hutofautiana ukubwa na makosa huongezeka hadi wiki mbili tatu. Ule utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 98 ya wajawazito Kenya huhudumiwa kliniki na mtaalamu angalau mara moja, lakini waliotimiza mara nne au zaidi ni asilimia 66. Wengi huja mara ya kwanza tumbo likiwa limeshaonekana. Mume ambaye anakumbuka tarehe ya kila ng'ombe zizini hana kisingizio cha kutoijua hii moja.

Dalili za hatari hazisubiri mtu amalize kukama. Maji yakimwagika, damu ikionekana, tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki 37, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, homa, au mtoto akiacha kucheza, mama aende kituo cha afya saa hiyo hiyo. Akina kogo wanaokaa na wake za watoto wao wana neno kubwa hapa, kwa sababu mara nyingi wao ndio huulizwa kwanza, na wao ndio husema "ngoja kidogo" au "nenda." Homa itajwe waziwazi kwa mhudumu, hata kama imeshatulizwa na panadol, kwa sababu inabadilisha uamuzi kuhusu sindano.

Kituo cha Afya cha Siongiroi ni mahali pa kupimwa na kupewa rufaa. Mtoto wa wiki 30 anatakiwa azaliwe mahali penye wodi ya watoto wachanga, na katika kaunti hii hiyo inamaanisha Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Longisa au Hospitali ya Tenwek. Chombo bora zaidi cha kumsafirishia mtoto ni tumbo la mama yake. Akishazaliwa njiani, juu ya bodaboda, katika baridi ya alfajiri, kazi inakuwa mara kumi.

Kuhusu fedha, Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Bima ya zamani ya NHIF ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024, na usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#. Familia isingoje uchungu ndiyo itafute kitambulisho. Na kwa kuwa haki huenda pande zote mbili, isemwe pia hapa, kwenye karatasi ya kaunti yenyewe: mama akishatimiza yake, akaja mapema na tarehe yake mkononi, basi deni limehamia kwa serikali. Gari la wagonjwa liwe na mafuta, oksijeni iwepo, na muuguzi wa usiku asiwe mmoja kwa watoto ishirini. Afya iligatuliwa mwaka 2013. Wananchi wana haki ya kuuliza juu ya vitu hivi katika vikao vya bajeti, kwa majina yake, kama wanavyouliza juu ya barabara.

Mtoto akishazaliwa, ubongo unaendelea kulindwa kwa mambo yasiyohitaji mashine. Joto ni la kwanza. Mtoto avishwe kofia na soksi na nepi tu, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kitambaa. Njia hii, inayoitwa ya kangaruu, ilianzia Bogotá nchini Colombia mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko vitanda vyenye joto. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuianza mara tu mtoto anapozaliwa, bila kusubiri atulie, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Baba anaweza kumbeba. Kogo anaweza. Kifua chochote chenye joto, kisicho na kikohozi, kinafaa.

La pili ni sukari ya damu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulikuta kwamba watoto waliozaliwa kati ya wiki 34 na 37, ambao mama zao walidungwa steroidi, walishuka sukari mara nyingi zaidi: 24 katika 100, dhidi ya 15. Watoto hao walipopimwa wakiwa na miaka sita au zaidi, akili zao hazikutofautiana na za wenzao, na hilo linatia moyo. Lakini sukari ikishuka sana kwa muda mrefu inaudhuru ubongo, kwa hiyo kila mtoto aliyezaliwa mapema apewe maziwa ya mama upesi, hata kama ni matone ya kukamuliwa kwenye kikombe au kwa mrija wa puani. Maziwa ya ng'ombe, hata yawe mazuri kiasi gani, na Siongiroi inayo mazuri, hayamfai. Mursik ingoje.

Umanjano nao usipuuzwe. Macho na ngozi ya mtoto njiti vikigeuka manjano, apelekwe hospitalini apimwe, kwa kuwa kiwango kinachovumilika kwa mtoto aliyetimia kinaweza kuingia ubongoni mwa huyu na kumwachia uziwi au viungo vilivyokakamaa. Kumwanika juani hakutoshi. Hospitalini kuna taa maalumu za kazi hiyo.

Kisha zinafuata safari za kliniki, ambazo familia nyingi huziacha mtoto anaponenepa. Kila mara apimwe uzito na mzunguko wa kichwa, aangaliwe macho na masikio, na ionekane kama anakaza shingo, anageuka, anashika. Umri wake uhesabiwe kutoka siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyekuja miezi miwili mapema, akifikisha miezi sita, afananishwe na mtoto wa miezi minne, na iendelee hivyo hadi atimize miaka miwili. Chanjo pekee ndizo hazihesabiwi hivyo. Hizo hufuata siku aliyozaliwa. Akionekana kuchelewa hata kwa hesabu hiyo, aanzishiwe mazoezi ya viungo na mtaalamu mapema, katika mwaka wa kwanza, wakati ubongo ungali laini na unajifunza njia mpya. Kwenye kijitabu chake ziandikwe tarehe zote mbili, ya kuzaliwa na ile iliyotarajiwa, ukurasa wa kwanza, ili kila muuguzi atakayekifungua azione kabla ya kumweka mtoto kwenye mizani.